Damu kwenye choo: namna ya kufuatilia mpaka majibu ya kinyama, kile kipande kinachopelekwa maabara, yatoke, na namna ya kuisoma fomu ya utafiti kabla hujaweka dole gumba

Mjomba wangu alikaa miezi nane anatoa damu kwenye choo kabla hatujajua kwamba ni kansa ya utumbo mpana. Miezi nane jamani, na siku zote hizo alikua anatibiwa bawasiri. Ni mkulima wa Kongwa, alizeti na uwele, wakati ule ana miaka 52, mtu wa kuamka saa kumi alfajiri na si mtu wa kulalamika hata kidogo, na mimi ndo nilikua namzungusha hospitali mwanzo mpaka mwisho, kwahiyo haya ninayoandika mengine nimeyasoma na mengine nimeyaona kwa macho yangu. Nayapanga kwa namna mtu anavyotakiwa aende, ili wewe au mzazi wako msipoteze miezi kama tuliyopoteza sisi.

Kwanza kabisa, angalia choo chako. Najua ni jambo la aibu na kwetu haliongelewi mbele za watu, ila tatizo kubwa ni kwamba kwenye choo cha shimo huoni kitu, na vijijini ndo vyoo vya wengi wetu. Mjomba alijua siku amekuja mjini kwa dada yake Nkuhungu akatumia choo cha maji, akatoka amenyamaza, mpaka usiku ndo akanivuta pembeni akaniambia "mpwa, nimeona damu". Sasa sijui ilikua inatoka tangu lini. Kwahiyo kama umevuka 40, au una umri wowote lakini tumbo limebadilika, tafuta namna ya kuona: jipanguse kwa karatasi nyeupe uitazame, au siku mojamoja weka mfuko ndani ya ndoo, jisaidie humo, angalia, halafu kamwage. Unachotafuta ni damu nyekundu, damu iliyochanganyika na choo chenyewe au na kamasi, choo cheusi kama lami, choo kilichokua chembamba na kikabaki hivo wiki nyingi. Ongeza na hivi: kuharisha na kufunga choo kwa kupokezana kwa zaidi ya wiki tatu, kuhisi hujamaliza kila ukitoka, tumbo kunyonga na kujaa, kupungua uzito bila sababu.

Kuna alama moja watu wanaipita sana, nayo ni upungufu wa damu. Utumbo mpana una urefu wa mita moja na nusu hivi, na uvimbe ukiota upande wa kulia, mbali na njia ya kutokea, damu inavuja kidogokidogo na huwezi kuiona kwa macho, unachoona ni mzee anachoka, anahema akipanda kilima, akipimwa damu iko chini anapewa FEFO, vidonge vya kuongeza damu, anaambiwa ale mbogamboga. Mwanaume mtu mzima, au mama aliyeshaacha kupata siku zake, damu haipungui hivihivi. Ukiwa na mzee wa namna hiyo uliza swali moja tu, "damu inaenda wapi?", na usitoke mpaka kuwe na mpango wa kuitafuta. Na ujue pia kwamba FEFO zenyewe zinafanya choo kiwe cheusi, kwahiyo mwambie daktari kama unazimeza, asije akachanganya.

Ukifika zahanati au kituo cha afya usiseme "tumbo linasumbua" ukaishia hapo, maana utatoka na dawa ya minyoo. Sema wazi: natoa damu kwa haja kubwa, imeanza lini, ni ya rangi gani, inachanganyika na choo au inadondoka mwishoni, nimepungua kilo kadhaa, kwenye ukoo kuna mtu aliugua utumbo au hakuna. Andika kwenye karatasi kama unaona aibu kutamka, mpe asome. Ni kweli sababu nyingi za damu si kansa, kuna amiba, kuna kichocho cha tumbo, kuna hiyo bawasiri yenyewe ambayo watu wengi wanayo, na hapo ndo mtego ulipo kwasababu mtu anaweza kuwa na bawasiri NA kansa kwa pamoja, kuiona moja hakuondoi nyingine. Mjomba alipewa dawa za kuingiza, zikaisha akapewa tena, katikati akapewa unga wa mizizi na jirani, na katika miezi yote hiyo hakuna aliyevaa glavu akampima kwa kidole. Kipimo cha kidole hakihitaji umeme wala mashine, kinachukua dakika moja, na uvimbe mwingi wa sehemu ya chini ya utumbo unafikiwa na kidole. Sisi siku alipopimwa, daktari alisimama kimya akabadilisha glavu, akasema "mzee, hapa kuna kitu kigumu, nakuandikia rufaa leo hii". Kwahiyo uliza kwa heshima, "daktari, hutanipima kwa kidole?" Ni haki yako. Ukiona dawa ya bawasiri imetumika wiki nne na damu iko palepale, omba rufaa, na usikubali kuambiwa wewe bado mdogo kwa hiyo, maana ugonjwa huu siku hizi unawakuta watu wa miaka 30 na 40, Marekani wenyewe mwaka 2021 walishusha umri wa kuanza kupima watu wasio na dalili kutoka 50 mpaka 45.

Wapo watakaokwambia huu ni ugonjwa wa wazungu na kwamba sisi tunakula ugali wa uwele na mlenda hatuupati. Maneno hayo yana chanzo cha kweli. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi miaka mingi Uganda, aliandika mwaka 1971 kwamba Waafrika vijijini wanaugua kidogo sana kansa ya utumbo kwasababu ya makapi, yaani nyuzinyuzi, kwenye chakula. Makapi yanasaidia kweli, endelea na uwele wako, ila si chanjo. Duniani kwa mwaka 2022 walikadiriwa watu zaidi ya milioni 1.9 wapya wenye kansa ya utumbo mpana na njia yake ya mwisho, ni ya tatu kwa wingi, na mjomba wangu amekula uwele na mlenda tangu azaliwe.

Sasa kipimo kinachoamua, kolonoskopi. Hapa Dodoma pa kuanzia kuuliza ni Benjamin Mkapa kule Ng'hong'ona, rufaa unaweza kupewa na hospitali ya wilaya au Jenerali pale mjini. Ni mrija laini wenye kamera unaoingizwa nyuma ukapita utumbo wote, wanaona ndani kwenye skrini, wakikuta kinundu kidogo, polipu, wanakikata hapohapo, na wakikuta uvimbe wanachukua vinyama. Watu wanauogopa mrija lakini kazi iko kwenye maandalizi ya siku moja kabla, na ukikosea hapo unarudishwa nyumbani na hela ya nauli imeenda. Siku tatu hivi kabla acha vyakula vya mbegu na makapi, ugali wa uwele, mlenda, karanga, mapera, nyanya zenye mbegu. FEFO acha wiki nzima kabla. Siku ya mwisho kabla ya kipimo ni maji, chai ya rangi bila maziwa, supu iliyochujwa ikawa maji matupu, basi. Na tafadhali usinywe juisi ya rozela wala ya zabibu nyekundu, najua ndo juisi zetu, ila ile rangi ikibaki kwenye utumbo inafanana na damu. Halafu unapewa dawa ya kusafisha, maji mengi mengi, nusu jioni na nusu alfajiri, unywe yote hata kama yanakera, na utajua umefanikiwa pale unachotoa kinapokua maji ya njano angavu kama mkojo. Kikiwa bado na vipande sema ukweli ukifika. Kama unatoka Mpwapwa au Kondoa usijidanganye utapanda basi asubuhi ukiwa umekunywa hiyo dawa, lala mjini, kwa ndugu mwenye choo karibu. Kama unatumia dawa za sukari au za kulainisha damu waambie siku unapangiwa tarehe, si siku ya kipimo. Na nenda na mtu, maana unaweza kupewa dawa ya usingizi na baada ya hapo usipande hata boda peke yako siku hiyo.

Kwanini kukata polipu ni jambo kubwa? Kwasababu kansa hii kwa kawaida haianzi kuwa kansa, inaanza kinundu kisicho na maumivu ambacho kinachukua karibu miaka kumi kugeuka. Hilo hatukulijua kwa kukisia, watu walikubali kufuatiliwa. Kule Minnesota Marekani watu 46,551 wa miaka 50 mpaka 80 waligawanywa makundi, wengine wakawa wanapaka choo chao kidogo kwenye kadi na kuituma maabara kila mwaka kuangalia damu isiyoonekana, na matokeo yaliyotoka 1993 yalionyesha vifo vya kansa ya utumbo vilipungua kwa theluthi moja kwenye kundi la kila mwaka. Kadi ya karatasi na kijiti. Na mwaka 2022 ukatoka utafiti mwingine wa watu 84,585 wa Poland, Norway na Sweden, waliokaribishwa kolonoskopi walipata kansa kwa upungufu wa asilimia 18 ndani ya miaka kumi, tena pamoja na kuhesabu wale waliokaribishwa wakakataa kwenda. Ila hizo ni tafiti za watu wasio na dalili yoyote. Wewe mwenye damu usikae ukasubiri kupimwa choo kwenye kadi, wewe unatakiwa kwenye mrija moja kwa moja.

Twende kwenye kinyama, na hapa naomba usome polepole. Kinyama chenyewe ni kidogo kama punje ya uwele, wanachukua kadhaa, vinatumbukizwa kwenye kichupa chenye fomalini. Hapo ndo ugonjwa wako unapopata jina. Si CT skani, ile picha ya ndani ya mwili, si macho ya daktari hata awe bingwa wa namna gani, ni kinyama kikiwa chini ya darubini. Sisi cha kwanza kilipotea. Sitaji ni wapi, ilikua kwenye kusafirishwa, tulienda mara tatu kufuata majibu, kila mara "njoo wiki ijayo", mara ya tatu dada wa mapokezi akafungua daftari, akapitisha kidole mstari kwa mstari mpaka chini, jina la mjomba halimo kabisa. Mjomba alikaa kwenye benchi akavua kofia yake akaiweka magotini hasemi kitu. Ikabidi maandalizi yarudiwe yote, na dawa ile, na kufunga kula, kwa mtu ambaye ameshapungua kilo kumi na moja. Kwahiyo fanya hivi: kabla hujaondoka chumba cha kipimo angalia jina na tarehe kwenye kichupa viandikwe kikiwepo mbele yako, uliza kinaenda maabara gani, omba namba ya maabara uipige picha kwa simu, uliza siku ya majibu na namba ya kupiga. Majibu yakitoka chukua nakala, piga picha kila ukurasa, mtumie na mtu mwingine wa familia. Na jua kwamba kinyama hakitupwi, kinagandishwa kwenye kibonge cha nta kinachokaa miaka, ukihamia hospitali nyingine au ukaingia kwenye utafiti kibonge hicho kinaweza kupimwa upya, usikubali kutobolewa mara ya pili kama cha kwanza kipo.

Kwenye karatasi utakuta neno adenokasinoma, hilo ndo jina la aina iliyo nyingi kuliko zote. Baada ya hapo CT skani ya kifua, tumbo na nyonga ili kujua imefika wapi, ini na mapafu ndo huwa inakimbilia. Kuna kipimo cha damu kinaitwa CEA, watu wanaenda kukilipia wenyewe maabara za mtaani kikitoka kizuri wanafurahi wanakaa nyumbani, hiyo ni hatari, CEA haitumiki kugundua kansa, inaweza kuwa ya kawaida na uvimbe upo. Kazi yake ni baadaye, kufuatilia mtu aliyeshatibiwa.

Upasuaji ndo tiba ya msingi kama haijasambaa. Baada ya upasuaji kipande kilichotolewa kinarudi maabara, na hapo soma mstari mmoja: matezi mangapi ya limfu, vile vinundu vidogo vya kinga vilivyo karibu na utumbo, yamehesabiwa. Yanatakiwa yasipungue 12, kwasababu yakihesabiwa matano yakakutwa safi huwezi kusema kwa uhakika kansa haikufika kwenye matezi, na mara nyingi matezi ndo yanaamua kama utapewa kemo, dawa kali za kuua seli za kansa. Kama ni machache mwombe daktari akuelezee, wakati mwingine maabara ya patholojia wanarudi kuyatafuta tena kwenye kipande. Uvimbe ukiwa chini kabisa karibu na njia, mara nyingi mionzi inatangulia kabla ya kisu, na hapo safari ya hospitali ya kansa ya Ocean Road Dar inaweza kuhusika. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma 2024 safari hiyo imekua nyepesi kwa mgonjwa wa utumbo, masaa machache na choo kiko ndani ya behewa, siyo ile ya basi kumwomba dereva asimame porini.

Kwenye kemo nenda na swali mkononi: miezi mitatu au sita? Swali hilo lina thamani kuliko unavyodhani. Mwaka 2004 utafiti unaoitwa MOSAIC, watu 2,246, ulionyesha kuongeza dawa ya oksaliplatini baada ya upasuaji kunapunguza ugonjwa kurudi, kwahiyo dunia nzima ikaenda miezi sita. Tatizo la oksaliplatini ni mishipa ya fahamu, ganzi na kuchomwachomwa mikononi na miguuni, mkulima anashindwa kufunga vifungo vya shati, anashindwa kushika jembe. Ndo wakaunganisha tafiti sita, watu 12,834 kutoka nchi 12, inaitwa IDEA, ikatoka 2018. Kwa jumla hawakuweza kuthibitisha kwamba mitatu inalingana na sita kwa kila mtu, ila kwa wenye hatua ya tatu, yaani kansa imeshafika kwenye matezi, lakini ya hatari ndogo, wanaotumia oksaliplatini pamoja na vidonge vya kapesitabini, miezi mitatu ilitosha, na ganzi ya kusumbua ilikua kama kwa mtu mmoja kati ya sita badala ya karibu nusu. Mjomba aliangukia kundi hilo. Miezi mitatu aliyookoa ni nauli, ni msimu wa kulima, ni vidole vyake. Usimlazimishe daktari, uliza tu "je mimi niko kwenye hatari ndogo au kubwa?" akuonyeshe kwenye karatasi. Na ukiwa kwenye oksaliplatini kaa mbali na baridi, asubuhi za Juni na Julai na ule upepo wetu wa Dodoma vaa soksi na glavu, usishike chupa ya friji, maji ya kunawa yapashe moto, maana baridi inachoma kama shoti.

Swali la pili ni MMR. Ni kipimo kinachofanywa kwenye kilekile kibonge cha nta, kinaangalia kama mfumo wa seli wa kurekebisha makosa ya vinasaba umeharibika. Ukikuta umeharibika dawa zinabadilika, kuna dawa za kuamsha kinga ya mwili zinazofanya vizuri sana kwa watu hao, kwenye utafiti wa NICHE-2 watu 111 walipewa dawa hizo wiki chache kabla ya upasuaji na asilimia 68 walipofanyiwa upasuaji hazikukutwa seli hai za kansa kabisa. Ni dawa za gharama kubwa, sitakudanganya kwamba utazikuta dirishani. Lakini kipimo chenyewe kina faida mbili zaidi, kinaonyesha kama ugonjwa unaweza kuwa wa ukoo, na kinaonyesha nani anafaa kuingia kwenye utafiti wa dawa. Na hapa kuna jambo linaniuma. Mwaka 2021 watafiti wa Nigeria na wenzao wa Marekani walichapisha kwamba kansa za utumbo za wagonjwa wa Nigeria walizozichunguza zilikua na hali hiyo mara nyingi zaidi kuliko za Wamarekani. Maana yake huenda dawa hizo zingefaa watu wetu wengi zaidi, na hatuwezi kujua kwa Mgogo, Mrangi au Mnyaturu kama hakuna aliyekubali kinyama chake kiangaliwe.

Ndo maana siku mjomba alipoombwa kuingia kwenye utafiti sikumwambia akatae, na sikumwambia akubali. Nilimwambia tusome.

Ukiombwa, kwanza jua ni wa aina gani. Upo utafiti wa taarifa tu, wanakuhoji, wanachukua damu kidogo na kipande cha kibonge chako, matibabu yako hayabadiliki. Na upo wa majaribio ya tiba, ambao unaweza kupangwa kundi kwa bahati nasibu ya kompyuta, hata daktari hachagui. Huo wa pili uliza uko awamu gani: ya kwanza wanatafuta dozi iliyo salama kwa watu wachache, ya pili wanaona kama inafanya kazi, ya tatu wanalinganisha na tiba iliyopo kwa watu wengi. Uliza nikiangukia kundi la kulinganishwa nitapata nini, jibu linalotakiwa kwa mgonjwa wa kansa ni tiba ya kawaida kamili, siyo kidonge kisicho na dawa ndani peke yake wakati tiba ipo.

Kisha angalia vibali. Utafiti wa afya kwa watu hapa Tanzania unatakiwa uwe na kibali cha maadili, cha kitaifa kinatolewa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na kama ni majaribio ya dawa kunatakiwa kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, pia. Namba ya kibali na tarehe yake iwe kwenye fomu, pamoja na simu ya mtafiti na simu ya kamati ya maadili ambayo si ya mtafiti. Mwenye simu ya intaneti aingie clinicaltrials.gov au kwenye daftari la Afrika linaloitwa PACTR, aandike kwa Kiingereza colon cancer na Tanzania, aone kama jaribio limesajiliwa. Fomu iwe ya Kiswahili. Ukiletewa ya Kiingereza na kuambiwa "weka tu saini hapa", rudisha. Na anayekudai hela ili uingie kwenye utafiti, au anakuuzia dawa kwenye chupa akisema iko kwenye utafiti, kimbia, dawa inayojaribiwa hailipiwi na mgonjwa.

Sisi tulikaa chini ya mwarobaini nje ya kliniki, mjomba, mimi, na yule nesi wa mradi aliyekuja na kiti chake cha plastiki. Kurasa saba. Alisoma yeye kwa sauti, na kila ukurasa ukiisha mjomba anamzuia kwa mkono, anairudia kwa maneno yake mwenyewe aone kama ameelewa. Fanya hivo na wewe, irudie kwa maneno yako, ndo utajua ulichoelewa na usichoelewa.

"Mwanangu, hicho kinyama changu kitakaa wapi?"

"Kitakaa maabara baba, kwa namba, jina lako haliandikwi."

"Kitaenda nje ya nchi?"

"Sehemu itaenda, imeandikwa ukurasa wa nne, kuna mkataba wa kusafirisha sampuli na kazi yake imetajwa."

"Na nikibadilisha mawazo baada ya kuvuna?"

"Unapiga namba hii, tunasimamisha. Kilichokwisha kupimwa hakirudi nyuma, ila kilichobaki hakitaguswa, na matibabu yako yanaendelea vilevile."

Hilo la mwisho likaze sana. Kujitoa hakuondoi haki yako ya kutibiwa, na kukataa tangu mwanzo pia hakuondoi, ukihisi mtu anakutisha kwamba usipokubali foleni yako itarudi nyuma, piga ile simu ya kamati. Uliza na nauli nani analipa, nikipata madhara nani atanitibu, na majibu nitapewa au hapana. Usiweke saini ukiwa kwenye maumivu makali au umetoka kwenye dawa ya usingizi, omba siku mbili uende nayo nyumbani. Mzee asiyejua kusoma anaweka dole gumba mbele ya shahidi asiyekua mtu wa mradi, na shahidi awe amesikia yote, siyo kuitwa mwishoni. Na sisi wapwa, watoto, kaka, tusiwaamulie wagonjwa. Mimi nilitaka sana akubali, nikauma ulimi, mwili ni wake.

Swali lake la mwisho ndo lilimshinda nesi: "mkigundua kitu kinachowahusu watoto wangu, mtaniambia?" Alisema kwa uaminifu kwamba hajui, akaandika, akarudi baada ya siku mbili na jibu la mtafiti mkuu kwenye karatasi yenye saini, kwamba wakikuta dalili ya ugonjwa wa kurithi watamwita yeye na familia wapewe ushauri. Mjomba akaikunja ile karatasi akaiweka kwenye mfuko wa shati, ndo akaomba wino wa dole gumba.

Baada ya kemo kuna ufuatiliaji, na wengi wanaachia hapa kwasababu wanajisikia wazima. CEA na kuonwa na daktari kila miezi mitatu mpaka sita, CT kwa ratiba atakayokupa, kolonoskopi ikirudiwa baada ya mwaka mmoja. Na kutembea. Hili silisemi kwa kujifariji, mwaka 2025 ulitoka utafiti unaoitwa CHALLENGE, wagonjwa 889 waliomaliza kemo, nusu wakapewa mpango wa mazoezi wa miaka mitatu na mtu wa kuwafuatilia, nusu wakapewa maelezo ya kwenye karatasi tu. Baada ya miaka mitano asilimia 80 ya wale wa mazoezi walikua hai bila ugonjwa kurudi, wa karatasi asilimia 74, na zoezi lenyewe kwa wengi lilikua kama kutembea kwa haraka dakika 45 mpaka saa nzima, mara tatu au nne kwa wiki. Muulize daktari kama moyo na kidonda vinaruhusu, halafu anza. Mjomba anatembea kwenda shambani na kurudi asubuhi kabla jua halijakaza, mke wake anamsindikiza, na siku akigoma anamwekea viatu mlangoni.

Na watoto. Mzazi, kaka au dada akipata kansa ya utumbo, wewe huhesabiwi tena kama watu wengine, unatakiwa uanze kolonoskopi ukifika 40, au miaka kumi kabla ya umri ambao yeye aligundulika, ile inayotangulia. Mjomba aligundulika na 52, kumi nyuma ni 42, kwahiyo 40 ndo inatangulia. Mtoto wake wa kwanza yuko Kibaigwa anauza mahindi sokoni, anatimiza 40 mwezi wa tisa mwaka huu, alikua anasema hana dalili kwanini apimwe, mpaka baba yake akamwonyesha kile kikaratasi cha mfukoni. Tarehe imeshaandikwa kwenye kalenda ukutani, siku tatu kabla yake mama yake ameandika kwa peni nyekundu, hakuna uwele, hakuna mlenda, hakuna rozela.